Kamba ya Kimana: Jinsi Sifa ya Morani Ilivyohamishwa

Miongoni mwa Wamaasai wa kusini mwa Kajiado, sifa ya kijana ilipatikana kwa utaratibu uliojulikana na wote. Olamayio, yaani uwindaji wa simba uliofanywa na wamorani kuonyesha ushujaa, ulimpa aliyetangulia kumchoma mnyama jina jipya la kusifiwa pamoja na haki ya kuvaa manyoya ya shingo ya simba kichwani, na nyimbo zikalifikisha jina hilo hata kwenye maboma ambayo hayakushuhudia lolote. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini sheria iliziba njia ya zamani ya kupata jina bila kufungua nyingine.

Mwaka 2008 menye layiok, yaani wazee wanaoteuliwa kulilea rika la wamorani, waliwaendea wahifadhi wa eneo la Amboseli kutafuta jinsi ya kuwaachisha vijana wao mauaji ya simba. Ushirikiano huo, ulioendelezwa na shirika la Big Life Foundation, ulizaa mashindano ya Maasai Olympics, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Desemba 2012 huko Kimana.

Mkuki na rungu vilibakizwa, na mbio za mita 200, 800 na 5,000 zikaongezwa, ila ustadi wa waandalizi unaonekana zaidi katika kuruka juu. Hapo hakuna kukimbia kwanza wala godoro la kuangukia: morani husimama chini ya kamba, akaruka wima kama afanyavyo ngomani, akijaribu kuigusa kwa utosi. Kwa kuwa mwamuzi anapima jambo lile lile ambalo watazamaji wamekuwa wakilipima kwa macho tangu utoto wao, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mshindi anashangiliwa. Isitoshe, wanaoshindana ni wawakilishi wa manyatta, yaani kambi za wamorani, hivyo ushindani wa zamani baina ya kambi hizo uliachwa ukiwa hai na ukapewa uwanja.

Sehemu nyingine ya sifa hiyo iliazimwa. Mlezi wa mashindano ni David Rudisha, Mmaasai kutoka Kilgoris, ambaye tarehe 9 Agosti 2012 alishinda mbio za mita 800 jijini London kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Miezi minne tu baadaye, morani wa Kimana hakuhitaji kuaminishwa kwamba miguu inaweza kumpa mtu jina.

Hata hivyo, jina la simba lilibebwa maisha yote, ilhali ushindi wa Kimana huwaniwa upya kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Tena mashindano hayagusi kisasi. Juni mwaka huo huo wa 2012, wakazi wa kijiji kimoja karibu na Kitengela waliwaua simba sita waliokuwa wameshambulia mbuzi usiku, na katika tukio hilo hakuna aliyekuwa akitafuta kuimbwa. Mauaji ya namna hiyo yanatokana na hasara, nayo yalikuwa yameshaanza kushughulikiwa kwa njia tofauti kabisa huko Mbirikani, ambako mfuko wa kuwafidia wenye mifugo ulianzishwa mwaka 2003.