Byatt alikuwa na orodha

Mlioangalia hotuba ya Rais Steinmeier wa Ujerumani pale Songea, Novemba 1, 2023, mnajua kilichonikera: mgeni alileta radhi, kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani, hakukileta. Huyo angalau aliahidi hadharani kwamba kitatafutwa. Leo ugomvi wangu ni na mtu mwingine, tena ni ugomvi wa siku nyingi. Namsema Sir Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Tanganyika, na jibu alilolitoa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuhusu wapagazi waliokufa katika vita vya Mjerumani, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia.

Watu wa Tume ya Makaburi ya Vita walitaka kujua msimamo wake. Byatt akajibu kwamba makaburi yale makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Hesabu ya Waafrika waliokufa nayo hakupenda kuitazama. Tume ikaridhika. Si kwamba Tume haikuwa na kanuni. Ilikuwa nayo, na kanuni yenyewe ilisema kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo wala rangi. Ilipofika kwetu kanuni ikakunjwa ikatiwa kabatini.

Uamuzi ule ulikuwa mbovu. Ubovu wa roho nawaachia mapadri na mashehe. Mimi nazungumzia ubovu wa kazi, maana Byatt hakuharibu makaburi peke yake, aliharibu njia nzima ya kuwarudishia wenye msiba kilicho chao. Kazi hii ina hatua zake. Kwanza jina la marehemu, na namba yake ya jeshi. Kisha alichoacha, kiwe kitu au mshahara. Mwisho mrithi, mahali alipo. Kaburi ndilo linaloshikilia hatua ya kwanza, na ukilipoteza hilo ni sawa na kukata kamba ya juu ya wavu wa dagaa: huna haja ya kuangalia ndani.

Watetezi wake watasema majina hayakuwepo. Uongo. Upande wa Waingereza wapagazi walisimamiwa na Oscar Watkins, na Watkins, pamoja na dhambi zote za kazi ile, alikuwa mtu wa daftari. Mpagazi alipewa kibati chenye namba, akachukuliwa alama za vidole, jina lake likaandikwa kwenye orodha ya malipo. Makosa yalikuwepo tele. Karani alisikia jina moja akaandika jingine, wengine walitaja majina ya uongo kwa hofu, vibati vikabadilishana shingo. Hata hivyo orodha ilikuwepo, na ushahidi mkubwa kuliko wote ni ule ambao hakuna anayependa kuugusa: mishahara isiyodaiwa. Vita vilipokwisha kulibaki fedha nyingi za wapagazi waliokufa au kupotea, na Nairobi na London zikabishana kwa miaka nani azishike. Sasa nieleze mtu. Unawezaje kujua fulani amekufa akiwa anadai kiasi fulani, halafu useme jina lake hulijui? Fedha ina jina. Haiwezi kukaa bila kudaiwa mpaka ijulikane ni nani hakuidai.

Na mrithi? Hapo ndipo hasira inaponipanda. Serikali ile ile haikushindwa hata mwaka mmoja kumfikia mwenye kibanda ili atoe kodi. Karani na tarishi walipita kwa mwami wa Buha, kwa watwale walio chini yake, mpaka mlango wa mwisho kule mlimani. Mjane aliyepatikana kwa ajili ya kodi angepatikana pia kwa ajili ya mshahara wa mumewe, kibati chake na neno moja la lini na wapi alifia. Kilichotakiwa ni baraza moja kila wilaya na karani mwenye sauti.

Byatt hakuwa mtu asiyejua uzito wa jambo hili, nalo ndilo linaloniudhi zaidi. Ni yeye yule aliyeiandikia London mwaka 1918 kwamba kichwa cha Mkwawa kidaiwe kwa Wajerumani, na dai hilo likaingia Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246. Kichwa kimoja kiliandikwa kwenye mkataba wa dunia nzima kwa sababu kilikuwa na faida ya siasa kwa Wahehe. Wapagazi waliokufa, ambao hesabu rasmi inawaweka karibu 95,000 na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo ndogo, hawakuwa na faida hiyo. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, nimonia, malaria na njaa, mzigo ukiwa kichwani. (Na hata lile fuvu la Mkwawa, Gavana Twining alilichagua Bremen kwa kupima mafuvu na kuyalinganisha na vichwa vya ndugu, akalikabidhi Kalenga mwaka 1954 kwa mbwembwe. Hilo nimeshaliandika, silirudii.)

Huku kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi, nakubali. Kaa na wazee pale Kidahwe, njia ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza, uwaulize habari za vita vile. Utasikia Mjerumani alichukua watu, kisha Mbelgiji akachukua watu, kisha Mwingereza akaja kuchukua kodi. Mbelgiji aliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, akakaa mpaka 1921. Mtu wa Buha aliyebeba mzigo kuelekea Tabora au Mahenge huenda hakuwahi kuonekana kwenye daftari la Watkins. Kwa hiyo kosa la Byatt halielezi kila mlango wa Kidahwe uliokosa habari. Lakini yeye ndiye aliyekuwa gavana nchi ilipounganishwa, ndiye aliyeweza kuziandikia Brussels na Berlin kudai orodha kama alivyodai kichwa. Sijaona popote kwamba aliandika.

Kilichotunzwa vizuri hapa Kigoma kilikuwa cha chuma. Wajerumani walipoizamisha meli yao Götzen Julai 1916 waliipaka mitambo yake grisi nzito ili siku moja ifufuke. Ikaibuliwa mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Kazi safi, sina neno. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikapata Sanamu ya Askari, na msimamo wangu kuhusu sanamu ile mnaujua: kule juu amesimama mtu mwenye bunduki peke yake, hana jina, na aliyembebea risasi hayuko naye. Sanamu ilikuwa malipo ya orodha iliyofungiwa. Vitabu vya Waingereza kuhusu vita vya ziwani navyo ni hivyohivyo; yule mbuzi aliyekutwa hai ndani ya Kingani, boti ya Wajerumani iliyotekwa Desemba 1915, anajulikana kuliko mtu yeyote aliyeziburuta boti za Waingereza, Mimi na Toutou, kuvuka milima ya Mitumba.

Mtu akiniambia nyakati zile kazi kama hii haikuwezekana, nampeleka Ujiji penye mwembe wa Livingstone, na namwomba amwache Stanley apumzike. Aulize habari za Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Livingstone alipokufa kwa Chitambo, Mei 1873, hawa hawakuwa na ofisi, gari wala gavana. Walichofanya ni kuwaita wenzao wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya macho ya kila mmoja ili asiwepo wa kusema hakuona, na Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik huko India, akaandika kitu kimoja kimoja. Mashahidi, orodha, wabebaji wanaojulikana. Kisha wakaubeba mwili uliokaushwa kwa chumvi zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mpaka leo sijaona wizara iliyoifanya kazi hiyo kwa usafi ule. Aliyevuruga orodha alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Luteni Cameron, aliyekutana nao Unyanyembe. Alitaka wazike palepale, wakakataa; akafungua masanduku, akachukua vifaa vya kupimia vya marehemu kwa matumizi yake. Baadaye Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza medali 60 za wale wabebaji. Wengi walikuwa wameshatawanyika, medali zao hazikuwafikia.

Hata Wajerumani, ambao sina desturi ya kuwasifu, walionyesha kwamba bila orodha bado kuna njia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Bonn ilipokubali kuwalipa askari Waafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita vile, malimbikizo yao, wazee kama 350 walijitokeza Mwanza, wachache sana wakiwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare. Mtu wa benki akamkabidhi kila mzee ufagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani: bega, weka chini, salamu. Hakuna aliyekosea. Njia ile ilimfaa aliye hai na aliyeshika bunduki tu. Mjane na mpagazi hakuna ufagio wa kuwapima. Ila nia ilikuwa ya kutafuta sababu ya kulipa.

Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe, Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni. Cape Town, Januari 2025, wakafungua ukumbusho wenye majina 1,772 ya vibarua wa jeshi, nguzo moja ya mbao kwa kila mtu. Hiyo ni kazi nzuri.

Zamu yetu ikifika nina ombi la kiufundi. Wasituletee majina yaliyopangwa kwa alfabeti. Karani aliyekosea herufi ya kwanza amempeleka mtu ukurasa mwingine, na mjukuu wake hatampata kamwe. Yapangwe kwa wilaya, kisha kwa jina la mwami au mtemi, kisha kijiji. Pembeni iandikwe namba ya kibati, mahali alipofia kama panajulikana, na kiasi cha mshahara kilichobaki, kwa rupia zilezile. Kisha orodha isomwe kwa sauti kwenye mikutano ya vijiji, kwa sababu sikio la bibi litalitambua jina ambalo jicho la karani lililiharibu. Na wakianza, waanze na daftari za malipo, si za makaburi.