Ua wa Bowling Green

Wahakiki wa sanaa za mikono wana desturi ya kulihukumu pambo kwa ukamilifu wake. Lililovunjika huhesabiwa kuwa limepungukiwa na thamani. Ua wa chuma uizungukao bustani ya Bowling Green, katika mji wa New York, Marekani, wafaa kutumiwa kuipima kanuni hiyo.

Hakuna bustani ya umma mjini humo iliyo kongwe kuliko hiyo. Mwaka 1733 baraza la mji liliwakodisha raia watatu uwanja huo kwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, wapate kuutengeneza na kuupamba. Mwaka 1770 ikasimamishwa hapo sanamu ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, amepanda farasi, nayo ilifanywa kwa risasi na kupakwa dhahabu. Mwaka uliofuata ukajengwa ua wa kuilinda, na nguzo zake zikavikwa vichwa vya urembo.

Tarehe 9 Julai, 1776, Azimio la Uhuru lilisomwa mbele ya askari wa George Washington. Baada ya hapo umati ukaiangusha sanamu, na madini yake yakayeyushwa kuwa risasi za bunduki zaidi ya 42,000. Vichwa vya nguzo navyo vikakatwa kwa msumeno.

Wasimulizi wengi hukomea kwenye sanamu, kwa kuwa anguko lake lina kishindo. Kwa maoni yangu, shahidi bora ni ua. Sanamu yamalizika kwa kuanguka. Ua ungali umesimama, na alama za msumeno zaweza kuguswa kwa kidole. Tena waonyesha jambo ambalo sanamu haiwezi kulionyesha, yaani kiasi katika hasira. Urembo uliomtukuza mfalme uliondolewa. Chuma kilichoikinga bustani kiliachwa kifanye kazi yake.

Hivyo ile kanuni ya ukamilifu haitoshi. Pengo lililo juu ya nguzo hizi si upungufu wa kazi ya fundi, bali ni sehemu ya pili ya kazi hiyo, iliyotiwa na mikono mingine kwa nia nyingine. Mwaka 1970 mji uliutangaza ua huo kuwa kumbukumbu ya kuhifadhiwa. Kuuhifadhi ni kuuzuia usiliwe na kutu. Atakayeuvika vichwa vipya atakuwa ameupamba na kuunyamazisha.