APT na vifurushi ambavyo umeshavilipia

Tuseme umeweka R kwenye kompyuta yako yenye Ubuntu kwa amri ya apt install r-base. Bando limekatika vibaya, lakini kazi inaendelea. Mwenzako wa maabara naye anaitaka R hiyohiyo, na wewe unawaza: si nimeshaipakua? Nimpe tu kwa flashi. Unafungua /var/cache/apt/archives, folda ambayo APT huhifadhi vifurushi inavyovishusha (kifurushi hapa ni faili la programu, si kile cha kampuni ya simu). Hakuna kitu.

Tangu toleo la 1.2, la mwaka 2016, amri ya apt hufuta mafaili ya .deb mara tu programu inapokaa sawa. Cha ajabu, ndugu yake mkubwa apt-get hayafuti. Injini ni ileile, tabia mbili! Lengo la kufuta ni kuokoa nafasi ya diski, na kweli folda ile huweza kufikia magigabaiti bila mwenye kompyuta kujua. Ila uamuzi huo unamfaa mtu ambaye intaneti kwake ni kama hewa. Kwa anayenunua data kwa gigabaiti hesabu ni kinyume: diski ameshainunua, kinachoisha ni bando. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili lolote jipya ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages "true";

Lakini hata ukiyatunza, ugumu hasa haujaguswa. R haisimami peke yake. Inahitaji maktaba nyingine, nazo zinahitaji nyingine, na ukikubali inavyopendekezwa unaletewa hadi gcc na gfortran. APT kabla ya kushusha hukagua kwanza kompyuta yako ina nini, kisha huleta kilichopungua tu. Kwa hiyo yale mafaili uliyotunza si R kamili. Ni pengo lililokuwapo kati ya R na kompyuta yako, siku ile. Kama gcc ulikuwa nayo tangu mwaka jana, humo haimo. Mpelekee mwenzako asiye nayo, aandike dpkg -i, uone. Dpkg haijui kutafuta: inafungua kifurushi, inaona vinavyotegemewa havipo, inalalamika, na kukiacha nusunusu. Na kama yeye ana toleo jingine la Ubuntu, hapo ndiyo msijisumbue kabisa.

Ndiyo maana naipenda apt-offline kuliko kubeba folda. Yenyewe inaanza na kompyuta yenye shida. Unaiambia unachotaka, inaandika faili dogo la orodha. Unalipeleka palipo na intaneti, unashusha vilivyotajwa, unarudi kuvisakinisha. Hesabu ya vitegemezi imefanyika mahali sahihi, kwenye kompyuta ambayo ina upungufu. Kasoro yake ni ya kuku na yai: haiji na Ubuntu, kwa hiyo asiye na intaneti lazima kwanza aipate kwa njia nyingine. Tena kama orodha za vifurushi kwenye kompyuta hiyo ni za zamani au hazipo, jiandae kwa safari mbili, ya kwanza ya kuhuisha orodha tu.

Kuna jambo la usalama pia, na hili watu hulipita haraka mno. APT inaposhusha kifurushi hukilinganisha na orodha iliyotiwa saini na watunzaji. Dpkg -i haifanyi ulinganisho huo. Faili la .deb lililopita kwenye flashi za watu watano linapata ruhusa zote za mfumo kwa sababu tu umeandika sudo.

Maabara yenye mtandao wa ndani haina haja ya flashi hata kidogo. Apt-cacher-ng ikikaa kwenye kompyuta moja, mlango 3142, kila kifurushi kinashushwa mara moja na wengine wanakichota hapo. Kila kompyuta inajipigia hesabu zake za vitegemezi, na saini zinakaguliwa kama kawaida. Sharti ni kompyuta hiyo iwe imewashwa. Ile inayokwenda kituo cha utafiti kisicho na mtandao, iwekewe apt-offline, orodha zikiwa mpya, kabla haijapakiwa kwenye gari.