Froome, Ventoux na pedali zisizo zake

Kukimbia hakukuwa kosa. Kelele zote za Tour de France ya Julai 14, 2016 ziliishia kwenye mbio za miguu za Chris Froome, jezi ya njano mwilini, kliti, vile vibano vya chini ya viatu, zikigonga lami ya Mont Ventoux, baiskeli hana. Wapo waliocheka, wapo waliokimbilia kitabu cha kanuni. Kosa lilikuja dakika chache baadaye, pale alipoletewa baiskeli ya njano ya huduma ya Mavic, naye akaipanda.

Tukio kila mtu aliliona. Upepo ulishusha mstari wa kumalizia hadi Chalet Reynard, mashabiki wakabanana huko, pikipiki ya kamera ikasimama ghafla. Richie Porte akaivaa, Bauke Mollema na Froome wakafuata. Mollema aliinuka na baiskeli yake akaenda zake; ya Froome ilivunjika, na gari la timu yake, Sky, lilikuwa mbali nyuma ya umati. Thomas De Gendt alikuwa ameshashinda hatua hiyo, na aliishinda vizuri.

Sasa tazama miguu. Baiskeli ni fupi kwake, magoti yanapanda juu kupita kiasi, na pedali hazishiki kliti. Sky walitumia pedali za Shimano za barabarani, zile za kliti pana ya plastiki inayofungwa kwa bolti tatu. Kliti hiyo imechongwa kwa pedali ya Shimano tu. Kwenye pedali za Look haiingii, na kwenye za Speedplay ndiyo kabisa. Kumpa mshindani baiskeli yenye pedali ngeni ni kumpa funguo za nyumba ya jirani. Soli ya kaboni haipindi, plastiki haina meno, kwa hiyo kiatu kisiponaswa kinateleza kila kinaposukumwa. Mguu wa mtu aliyekuwa akiongoza Tour de France ukawa unatafuta pa kukanyaga.

Kanuni za UCI, chama cha baiskeli duniani, zinamruhusu mpanda baiskeli kuvuka mstari kwa miguu, mradi awe na baiskeli. Basi ile ya njano ilikuwa na kazi moja tu: kukokotwa. Angeishika usukani, akakimbia nayo, akaitupa mara tu ya timu ilipofika. Badala yake akapanda, akahangaika, akashuka, akabadilisha tena. Alimaliza dakika 1 na sekunde 40 nyuma ya Mollema, na kwa muda ubao ukaonyesha jezi ni ya Adam Yates. Majaji wakampa Froome muda wa Mollema, akabaki anaongoza kwa sekunde 47. Safu hii haijaumeza uamuzi huo mpaka leo.

Kwenye Tour ya mwaka 1913 hakukuwa na majaji wapole. Uma wa baiskeli ya Eugène Christophe ulivunjika alipokuwa akishuka Tourmalet. Aliibeba begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi Sainte-Marie-de-Campan, akaunga chuma mwenyewe kwa mhunzi. Kwa kuwa mtoto mmoja alimvutia mivukuto, wakamwongezea dakika za adhabu. Viatu vya Christophe vilikuwa viatu, mtu aliweza kushuka navyo mlima. Baadaye jina lake lilipigwa chapa kwenye vishikio vya vidole vya pedali, na vifaa vya aina hiyo, pamoja na mikanda ya ngozi, ndivyo vilivyofunga miguu ya Eddy Merckx katika Tour zake zote tano.

Bernard Hinault ndiye aliyevifuta. Mwaka 1985 alishinda Tour akiwa na pedali za Look, kampuni ya Ufaransa iliyotokea kwenye vibano vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, na aliishinda pua ikiwa imevunjika. Kugeuza kisigino nje, mguu huru: ufundi mzuri, hakuna ubishi. Ila kliti zile za kwanza zilikaza mguu pale pale, kisigino hakichezi hata kidogo, na magoti mengi yalilipia.

Dawa ya kutembea ilipatikana mwaka 1990, Shimano walipotoa SPD: kliti ndogo ya chuma, bolti mbili, imezama ndani ya soli yenye meno. Froome anaijua dunia hiyo. Alianza na baiskeli za milimani pamoja na vijana wa kocha David Kinjah huko Kikuyu, Kenya, kwenye njia ambazo kushuka na kusukuma ni sehemu ya safari. Hata hivyo, ingia dukani leo useme unataka pedali za kwanza, uone muuzaji anavyokimbilia za bolti tatu kwa sababu ndizo za kwenye televisheni. Mteja anakwenda kazini, anasimama kwenye taa, anapanda ngazi. Ngazi za vigae na kliti ya plastiki havipatani.

Kiatu kichaguliwe kwanza, pedali baadaye. Kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto na kusimama, na vidole vipate nafasi ya kujikunjua. Ganzi ya vidole mara nyingi hutokana na kiatu chembamba au kliti iliyosogezwa mbele mno. Mhimili wa pedali ukae chini ya kifundo cha dole gumba au nyuma yake kidogo. Soli ngumu kuliko zote si lazima kwa anayepanda saa mbili Jumapili.

Kisha kuna mtego wa rangi. Kliti nyekundu ya Shimano haikipi kisigino nafasi ya kucheza, ya bluu inakipa nyuzi 2, ya njano 6. Kwa Look ni kinyume: nyekundu ndiyo huru kuliko zote, nyuzi 9, ya kijivu 4.5, na iliyokaza ni nyeusi. Fundi anayekufungia "nyekundu" bila kuuliza pedali ni za nani anacheza na goti lako. Mgeni aanze na 6 au 9, skrubu ya springi ilegezwe hadi mwisho kwa zile zenye skrubu, ashike ukuta, atoe mguu mmoja mara nyingi, kisha wa pili, kabla ya kuingia barabarani.