"Upungufu wa Damu": Istilahi Isiyotimiza Kazi Yake

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizokwisha kuzoeleka, hata hakuna anayezihoji, ni "upungufu wa damu". Imo katika vitabu vya shule na katika mabango ya zahanati. Neno likishazoeleka huonekana limefaulu. Sisi twaona kwamba hili halijafaulu, na kasoro yake si ya sarufi bali ni ya maana.

Damu ya mtu mzima ni kiasi cha lita 5. Zaidi kidogo ya nusu yake ni plazma, yaani majimaji ya rangi ya manjano yanayobeba virutubisho, chumvi, homoni na protini. Iliyobaki karibu yote ni chembe nyekundu; chembe nyeupe na chembe sahani kwa pamoja hazifiki hata sehemu moja katika mia. Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, protini yenye madini ya chuma, ambayo ndiyo ichukuayo oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Ugonjwa tunaouzungumzia ni uhaba wa himoglobini hiyo. Si lazima damu yenyewe iwe imepungua.

Tutazame hali ya mama mjamzito. Plazma yake huongezeka kwa karibu nusu, lakini chembe nyekundu haziongezeki kwa kadiri hiyo. Akipimwa akakutwa na himoglobini gramu 9 katika desilita moja, huambiwa ana upungufu wa damu, ilhali damu iliyomo mishipani mwake huenda ikawa nyingi kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kushika mimba! Kipimo chenyewe huitwa "wingi wa damu", naye hurudi nyumbani akisema, "Damu yangu ni 9." Tisa ya nini? Lita, chupa, au alama za mtihani? Istilahi haikumwambia. Si ajabu basi akitafuta kinywaji chochote chekundu, akidhani anajaza chombo kilichopungua, na vidonge vya madini ya chuma vikabaki kabatini.

Kinyume chake ni majeruhi aliyetoka kuvuja damu nyingi. Huyo ndiye mwenye upungufu wa damu hasa. Lakini akipimwa mara moja, himoglobini yake yaweza kuonekana ya kawaida, kwa kuwa plazma na chembe zimetoka pamoja. Wagonjwa wawili wa hali mbalimbali, nasi tumewapa jina moja.

Chanzo cha mkanganyiko huu si kigumu kukiona. Neno la kitaalamu "anemia" lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni kukosa damu. Mfasiri alilitafsiri neno, hakukitafsiri kitu.

Mtu aweza kusema turudie neno la kale, "safura". Ni neno zuri, ila watumiaji wamekwisha kulifunga na minyoo inyonyayo damu matumboni, na asili yake ya Kiarabu yataja unjano. Malaria huvunja chembe nyekundu bila mnyoo hata mmoja. Safura ibaki na minyoo yake.

Tunapendekeza ugonjwa huu uitwe "upungufu wa himoglobini", na kipimo chake "kiwango cha himoglobini". "Upungufu wa damu" uachiwe majeruhi wetu. Tunajua watakaosema kwamba himoglobini ni neno zito kwa mwananchi. Hoja hiyo hatuikubali: mwananchi huyo amekwisha kuzoea penisilini na klorokwini, na hakuna aliyemwonea huruma. La muhimu ni mwuguzi kulieleza siku ya kwanza, kwa sentensi moja tu.

Limebaki suala la tahajia. Wako waandikao "hemoglobini", na wengine "himoglobini". Sisi tumefuata ya pili kwa kuwa ndiyo tuisikiayo zaidi madarasani. Walimu wa biolojia wenye sababu za kuchagua ile nyingine watuandikie.