Sitara ya Nani? Siri za Familia katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mambo ya faragha ya familia yanavyoshughulikiwa katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Inadai kwamba katika simulizi za maisha ya watu wa vita, kinachoamua jambo lipi la nyumbani lifunuliwe na lipi lisitiriwe si aibu peke yake, bali ni mamlaka. Kwa hiyo, mhakiki na mwandishi wa wasifu hawana budi kuuliza sitara hiyo inamkinga nani.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu faragha katika wasifu wa watu wa vita huelekea kugawanyika pande mbili. Upande mmoja hushikilia kwamba vita ni jambo la umma na nyumba ni ya mwenyewe, hivyo mwandishi aishie mlangoni. Upande wa pili hushikilia kwamba aliyetawala maisha ya wengine kwa silaha hawezi kudai faragha. Pande zote mbili huchukulia kuwa mpaka baina ya uwanja wa vita na nyumba upo tayari kabla ya kalamu kushikwa. Matini inayojadiliwa hapa inaonyesha kwamba mpaka huo huchorwa na msimulizi mwenyewe, naye huweza kuusogeza.

Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kutokana na ombi la Heinrich Brode. Brode aliinukuu matini hiyo kwa hati za Kirumi na kuichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Ingawa mwandishi alikuwa mfanyabiashara wa pembe, misafara yake ilikuwa pia majeshi, na sehemu kubwa ya simulizi ni habari za mapigano, yakiwemo yale dhidi ya Nsama wa Itabwa. Matini hii, basi, inastahili kusomwa kama maisha ya mpiganaji.

2.0 Nasaba kama silaha

Tukio lenye uzito mkubwa kwa mada hii ni la Utetela, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msimulizi anapata habari kwamba wanawake wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie walitekwa zamani wakapelekwa mbali. Baadaye anadai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alimnunua mmoja wao, aitwaye Daramumba, na kwamba huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Kasongo Rushie anampokea kama damu yake na kumkabidhi utawala.

Mpangilio wa matukio, yaani habari kusikika kwanza na dai kufuata, unampa msomaji sababu ya kushuku, na wanahistoria wengi wamelichukulia dai hilo kuwa hila. Lakini swali la ukweli halimalizi suala la faragha. Dai likiwa la kweli, msimulizi amefunua kwamba bibi yake alikuwa mateka aliyenunuliwa, naye amelifunua mahali lilipompa kiti. Likiwa la uongo, amechukua msiba wa ukoo mwingine, wa mabinti waliopotea wasirudi, akaufanya ngazi. Unguja, ambako hadhi ilipimwa zaidi kwa ukoo wa baba, bibi aliyenunuliwa hakuwa mtaji. Utetela alikuwa ndiye hati ya utawala. Jambo lile lile ni siri hapa na silaha kule.

Katika hali zote mbili Daramumba hasemi neno. Jina lake limehifadhiwa kwa sababu lilifaa. Maisha yake hayakuhifadhiwa.

3.0 Wanawake wanaotajwa

Mwelekeo huo unaonekana pia katika ndoa zinazosimuliwa. Karunde, mke wa baba yake, anatajwa kwa kuwa ni binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilimpa Muhammed bin Juma nguvu katika nchi ile. Mke wa msimulizi mwenyewe anatambulishwa kwa ukoo wa baba yake, Salum bin Abdallah el Barwani, na kwa mali. Mwanamke anaingia katika simulizi akiwa daraja la kufikia utawala au utajiri. Akishavukwa, hasikiki tena.

Inaweza kujibiwa kwamba ukimya huo ni kanuni ya utanzu. Habari za safari zilizoandikwa kwa Kiswahili katika kipindi hicho, kama zile zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, hujishughulisha na njia, hongo, bei na vita kuliko mambo ya nyumbani. Hoja hiyo ina nguvu, na inamzuia mhakiki asione aibu katika kila pengo. Hata hivyo, utanzu haukumzuia Tippu Tip kuifungua nyumba alipohitaji kufanya hivyo.

4.0 Kutoka tawasifu hadi wasifu

Mwaka 1905 Brode alichapisha wasifu wa Kijerumani uliotegemea sana matini hiyo, na anwani yake ilimwita mhusika mtawala wa kimabavu wa Afrika ya Kati. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1907 ililiacha neno hilo katika anwani. Hukumu juu ya mhusika inabadilika kutoka jalada hadi jalada, lakini Daramumba anabaki pale pale. Wasifu unaotegemea tawasifu hurithi habari zake pamoja na mapengo yake.

5.0 Hitimisho

Waswahili husema siri ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hasemi aliyoyaona. Mwandishi wa wasifu wa mpiganaji, hata hivyo, ana mikononi siri za watu wengi kuliko yule aliyekusudia kumwandika. Wajibu wake si kusema yote wala kunyamazia yote. Ayaonyeshe mapengo kama mapengo, asiyajaze kwa kubuni. Asiwataje wazao walio hai pasipo haja, hasa pale ambapo asili ya utumwa bado ni jeraha. Na sitara aliyopewa shujaa asikubali iwe kaburi la pili la waliotekwa.