Jinsi ya Kulijua Tofali Zuri

Tofali zuri halitambuliki kwa bei wala kwa jina la kiwanda lililoandikwa kwenye mfuko wa simenti. Linatambulika kwa mambo manne: umbo lake, mchanga wake, mkono uliolifyatua, na siku lilizokaa likimwagiliwa maji. La nne ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi kwenye viwanja vya matofali vya Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni, na vya Mbagala, Chamazi na Mbande upande wa Temeke.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu na kuta mwakani, kama wengi wetu tunavyojenga. Hana mhandisi wala maabara. Ana macho, mikono, tepu, msumari na ndoo ya maji. Akijua pa kutazama, hivyo vinatosha kumwepusha na tofali bovu.

UMBO

Tofali la inchi 6 lina urefu wa inchi 18, kimo cha inchi 9 na unene wa inchi 6, yaani milimita 450 kwa 230 kwa 150. La inchi 5 linatofautiana nalo kwa unene tu. Vipimo hivyo vina sababu. Ukililaza tofali kwenye msingi, upana wake wa inchi 9 unakuwa nusu kamili ya urefu, kwa hiyo kwenye kona fundi analigeuza na bado kiungo kinaangukia katikati ya tofali la chini. Waliojenga miji ya bonde la mto Indus, katika Pakistani ya leo, walifyatua matofali ambayo urefu ni mara mbili ya upana na upana ni mara mbili ya kimo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ukuta unafungamana kwa sababu ya uwiano huo.

Pwani yetu ilijenga kwa namna nyingine kabla ya simenti. Magofu ya Kunduchi, hapo hapo Kinondoni, ni ya mawe ya matumbawe yasiyolingana, yaliyoshikwa kwa chokaa nene. Chumba cha nyumba ya mawe ya Bagamoyo au Unguja kilikuwa kirefu na chembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki nafasi kubwa. Waashi wale walitumia chokaa nyingi kusawazisha kilichopinda. Anayejenga kwa tofali amelipia unyoofu tangu mwanzo, na akiuziwa tofali lililopinda amelipia kitu ambacho hakupewa.

Kwa hiyo anza na tepu. Chukua matofali kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, yakiwemo ya chini na ya nyuma, usipime yale unayoletewa tu. Pima urefu, kimo na unene, kisha pima mshazari: kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu ule wa pili. Tofali lenye kona za mraba lina mishazari miwili iliyo sawa, kila mmoja ukiwa inchi 20 na kidogo, au milimita 505 hivi. Mmoja ukiuzidi mwingine kwa nusu inchi, kalibu imechoka au tofali lilivutwa vibaya wakati wa kutolewa.

Upungufu mdogo huzaa hasara kubwa. Tofali la urefu wa inchi 17 linaonekana sawa na la 18 likiwa peke yake, lakini yakipangwa 18 kwenye mstari mmoja umepungukiwa na tofali zima na ushee. Kimo kikipungua nusu inchi, kozi kumi zinakuwa zimepoteza inchi tano. Nao uso uliovimba au kubonyea unalipwa kwenye plasta: kila sentimita moja ya ziada kwenye ukuta wa mita za mraba kumi inakula zaidi ya nusu mfuko wa simenti.

MCHANGA

Sehemu kubwa ya tofali ni mchanga, kwa hiyo muulize muuzaji mchanga wake unatoka wapi, kisha nenda kwenye chungu ukauguse. Sugua konzi moja kati ya viganja. Mchanga mzuri unakwaruza na kuacha mikono karibu safi. Wenye udongo unateleza na kuacha rangi. Punje zake ziwe mchanganyiko, kubwa na ndogo, ili ndogo zijaze mianya ya kubwa. Mchanga laini wa aina moja unadai simenti nyingi zaidi, na aghalabu haupewi.

Ukitaka uhakika, chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, halafu iache itulie saa chache. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake kama tabaka. Tabaka hilo likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga wote, mchanga huo unapaswa kuoshwa au kuachwa.

Chumvi ni adui wa pili. Mchanga wa ufukweni na maji ya baadhi ya visima vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hailali ndani ya tofali. Inafuata unyevu hadi kwenye plasta, inatoka kama unga mweupe, inabandua rangi, na ikifika kwenye nondo za linta inazila. Hapa kipimo ni ulimi: onja maji ya uwanjani na punje chache za mchanga. Hakuna haja ya kuona haya.

MFUKO UNATOA NGAPI?

Hili ndilo swali ambalo kila mfyatuaji analitarajia, na jibu lake linapigiwa hesabu papo hapo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, chini ya ndoo mbili kubwa. Tofali moja la inchi 6 lina lita 15 na nusu. Mfuko ukitoa matofali 20, simenti ni sehemu moja kwa karibu sehemu 9 za tofali lote. Ukitoa 30, ni moja kwa 13. Ukitoa 50, ni moja kwa 22, na hapo unanunua mchanga uliopewa umbo. Kwa tofali la inchi 5, ambalo lina lita 13 hivi, 30 kwa mfuko ni moja kwa 11.

Kwa msingi wa matofali ya kulaza mimi sikubali zaidi ya 20 kwa mfuko, na kwa kuta za nyumba ya chini sivuki 25 ya inchi 6. Viwanja vingi vitakuambia idadi hiyo ni ya matajiri. Sivyo. Mara nyingi uwanja mmoja una madaraja mawili, na mwenye kuuliza ndiye anayepewa la juu. Kwenye uwanja mmoja wa Chamazi mazungumzo yalikwenda hivi:

“Shikamoo mzee. Karibu, tofali zipo.”

“Marahaba kijana. Mfuko unatoa ngapi?”

“Hizi za mbele, thelathini na tano.”

“Na zile za kule nyuma, zilizofunikwa magunia?”

“Zile za oda, mzee. Mwenye nazo alitaka ishirini na tano, na amesema zimwagiliwe mpaka atakapokuja.”

Hapo yupo mfyatuaji mmoja, kalibu moja na mchanga mmoja. Kilichotofautisha marundo mawili ni mteja aliyejua kuuliza. Kwa hiyo weka oda, lipia simenti wewe mwenyewe ikibidi, na uwepo mifuko inapofunguliwa.

KUFYATUA

Ukipata nafasi ya kutazama kazi, tazama mambo matatu. La kwanza ni kuchanganya. Mchanga na simenti vigeuzwe vikavu kwa koleo, angalau mara tatu, mpaka rangi iwe moja chunguni kote, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Maji yakitangulia, simenti hujikunja vidonge, na vidonge hivyo utavikuta ndani ya tofali siku litakapovunjika.

La pili ni kiasi cha maji. Fumba konzi ya mchanganyiko. Ukifumbua kiganja, donge lisimame bila kuchuruzika wala kumeguka. Likichuruzika, tofali litalegea likitolewa kwenye kalibu. Likimeguka, simenti haikupata maji ya kuiwezesha kukaza.

La tatu ni kushindilia. Kwenye mashine ya mkono, mfuniko wa chuma unapaswa kugongwa mara kadhaa kwa nguvu ile ile, asubuhi na alasiri. Mkono unachoka, na matofali ya saa kumi jioni ndiyo yanayoonyesha uchovu huo, yana vinyweleo vingi na kona hafifu. Mashine ya umeme inayotetemesha haichoki, lakini haiwezi kuuponya mchanganyiko maskini. Pia angalia mchanganyiko uliobaki wakati wa chakula. Uliochanganywa na maji utumike ndani ya saa moja hivi. Ukiona mtu anaurudishia maji ili ufae mchana, matofali yanayotoka hapo yasiwe yako.

MAJI NA SIKU

Kwenye mfuko wa simenti utakuta namba, 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu ambayo simenti inapaswa kuifikia, na inapimwa kwenye sampuli iliyotunzwa kwenye maji hadi siku ya 28. Ahadi ya kiwanda, iwe ni kile cha Wazo Hill kinachosaga mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale tangu 1966, au kingine chochote, ina masharti ya maji na siku. Mfyatuaji anayeuza tofali la siku tatu lililokauka juani amenunua ahadi hiyo kwa fedha kamili na kuitupa.

Simenti haikazi kwa kukauka. Inakaza kwa kuungana na maji, na maji yakikimbia kazi inasimama. Tofali likiwekwa kwenye jua la kaskazi, Desemba hadi Machi, na upepo ukipita, linakuwa kavu na jepesi ndani ya siku mbili, linavutia macho, na halitaongeza nguvu tena mpaka liloweshwe. Linalofunikwa kwa magunia au nailoni na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba linafikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake. Likiachwa hadi siku ya 28 linaimaliza safari.

Masika inamwagilia bure, ila tofali lililofyatuliwa siku hiyo hiyo bila kufunikwa linachimbwa na matone. Ukiona uso wenye vitobo vidogo vidogo upande mmoja tu, ujue lilinyeshewa likiwa bichi. Mfyatuaji anayejali ana turubai karibu, anaweka tarehe kwa chaki kwenye kila safu, na anaacha nafasi kati ya matofali ili maji yafike pande zote. Uwanja wenye tarehe kwenye safu una mtu anayejua anachofanya.

SIKIO, MSUMARI NA NDOO

Sasa simama mbele ya rundo. Rangi usiitegemee sana. Mchanga mwekundu hutoa tofali la udongoudongo hata kama simenti ni nyingi, na tofali bichi lina weusi ambao likikauka unapotea.

Gonga matofali mawili makavu kwa upole. Lililokaza linalia kwa sauti kali na fupi. Lililolegea linatoa kishindo kizito kinachofia ndani. Kisha kwaruza ukingo kwa msumari: zuri linaacha mchirizi mwembamba, bovu linamwaga punje, na ukisugua kona kwa kidole gumba inapukutika. Libebe pia. La inchi 6 lililoshindiliwa vizuri lina uzito wa kilo 30 hivi, la inchi 5 kama 25. Likiwa jepesi mno, ndani mna hewa.

Omba kuvunja moja na ulipie. Liangushe kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Zuri linaweza kustahimili, au likapasuka vipande viwili vitatu vikubwa. Bovu linasambaratika na kurudi kuwa mchanga. Okota kipande, utazame ndani: rangi iwe moja kutoka ukingo hadi moyoni, bila mistari ya mchanga mtupu wala vidonge vya kijivu.

Mwisho, tumbukiza kipande kimoja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kona zake ziwe ngumu kama jana, na maji yawe karibu safi. Kipande kinacholainika ndani ya ndoo kitalainika pia kwenye kozi za chini za nyumba yako, hasa kwenye mabonde ambako maji ya masika yanasimama. Ukijenga ghorofa, usiishie hapa: peleka sampuli maabara, zivunjwe kwa mashine, upewe namba.

MPANGO WA KAZI

Wengi huchimba msingi, wakaita mafundi, ndipo wakakimbilia uwanjani kutafuta matofali ya kesho. Mafundi wakiwa wamekaa na malipo ya siku yanahesabika, mnunuzi hana nguvu ya kukataa chochote, na muuzaji analijua hilo. Geuza mpangilio. Chagua uwanja, pima mchanga, weka oda, lipia mtu wa kumwagilia, andika tarehe. Ndani ya zile siku 28 ndipo ufyeke kiwanja, upige kamba na kuchimba. Msingi ukiwa tayari, tofali nalo litakuwa tayari, na wewe utakuwa na muda wa kurudisha lile lisilofaa.